Jino Juu ya Bati la Shule

Watoto wa darasa la kwanza hung'oka meno. Chuoni hawakutuambia. Walitufundisha kupanga madawati, kuandika ubaoni herufi zilizosimama wima, kuhesabu kwa vifuniko vya soda. Lakini hakuna mkufunzi hata mmoja aliyenionya kwamba nitasimama mbele ya watoto arobaini na kitu wenye mapengo, na kwamba kila wiki mmoja wao atakuja mezani kwangu na damu kidevuni, jino ameshika kwa vidole viwili, akilia au akijidai, kulingana na alivyolelewa.

Shule yetu ilikuwa hapo Nyeri mjini, karibu na nyumba za polisi, na hii ilikuwa miaka ya sabini. Watoto wa vijiji vya Skuta na Ruring'u walikuja kwa miguu, Kikuyu kimewajaa mdomoni. Wale wa polisi na wa maofisi ya serikali walitoka magharibi au Ukambani, na baba zao walihamishwa kabla sijazoea sura zao. Halafu kulikuwa na wachache wa mtaa wa Majengo, watoto wa wafanyabiashara Waislamu, ambao Kiswahili chao kilikuwa kizuri kuliko changu. Hilo liliniuma, sikatai. Mimi ni mtu wa Tetu, mashambani, Kiswahili nilikutana nacho darasani. Nikiteleza kidogo, kulikuwa na binti mmoja wa Majengo aliyekuwa akinirekebisha mbele ya watu wote, mikono kiunoni. Namwambia, "Wewe, kaa chini!" Anakaa, lakini uso wake unaonyesha amenihurumia tu.

Mtoto wa koplo aliletwa muhula wa pili. Baba yake alikuwa mrefu, buti zinang'aa, kofia kwapani. Akaniambia, "Mwalimu, huyu hasemi sana. Lakini anasikia." Nikajua baadaye kwamba mama wa mtoto alikuwa amefariki, na kijana alilelewa na nyanya yake huko upande wa ziwa mpaka mwaka huo, baba alipoamua kumleta akae naye na kusoma.

Hasemi sana? Huyo hakusema kabisa! Muhula mzima alitikisa kichwa au alinyoosha kidole. Nilimpenda, na sababu yenyewe si ya haki: wengine walikuwa wanapiga kelele, yeye amenyamaza. Nami hasira zangu ziko karibu, kila aliyenifahamu atakuambia. Basi nilimweka dawati la mbele, nikawa nampa chaki avunje vipande vya kugawa. Muhula wa tatu, asubuhi moja ya baridi, akaja akasimama kando ya meza yangu, akanong'ona, "Mwalimu, nimemaliza." Jamani! Nilijifanya natafuta kitu ndani ya droo ili asinione. Tangu siku hiyo akawa ananiletea sentensi moja kila siku, yangu peke yangu, kwa sauti ya chini. Leo tumekula samaki. Leo baba amelala. Nilikuwa naingoja kuliko chai ya saa nne.

Ilipokuwa Oktoba, jino lake likang'oka tukiwa katikati ya kusoma. Akanijia na kiganja wazi. Nilifurahi mno, na nikafanya kile mama yangu alichonifanyia mimi. Niliwatoa watoto wote nje, nikawapanga mbele ya darasa, nikachukua lile jino kiganjani mwake, nikaligeuzia paa kisogo na kulirusha nyuma huku naomba jipya lenye nguvu. Likalia juu ya mabati, ti-ti-ti. Watoto wakapiga makofi. Sikumuuliza mwenyewe. Kosa langu liko hapo, wala sitalizungusha.

Aliangalia paa. Akaangalia kiganja chake. Halafu akatoa kilio ambacho sijui alikuwa amekificha wapi muda huo wote, akakimbia, akapita lango la shule, akaenda zake.

Kesho yake hakuja. Kesho kutwa hakuja. Siku ya tatu, baada ya masomo, nikaenda mwenyewe nyumba za polisi, nimekasirika njia nzima, sijui namkasirikia nani.

Koplo alikuwa amevaa fulana, anapiga pasi sare yake. Akanipa kiti. Mtoto alikuwa nyuma ya pazia lililogawa chumba, naona vidole vya miguu yake chini, na vidole hivyo havikusogea. Baba akachukua mkebe wa rangi ya viatu kutoka rafuni, akaufungua. Ndani kulikuwa na pamba, na juu ya pamba meno matatu.

"Mwalimu, mama yangu hakutaka huyu aje huku," akasema. "Alilia siku mbili. Mwisho akakubali, lakini akasema, meno yatatoka huko, lazima nirudishiwe zote. Atarusha mwenyewe kwa nyumba yake. Ati hataki mjukuu wake abaki vipande vipande kwa watu."

Nikasema, kwa sauti ndogo, kwamba hata mimi nililirusha juu ya paa.

"Ndiyo, mwalimu. Lakini hiyo paa ni ya nani?"

Akaendelea kupiga pasi. Akasema mtoto amekataa shule. Amemtisha kwamba atamchapa, na mtoto amejibu, "Nichape." Tena hajasema neno lingine. "Mimi niko kazini usiku na mchana. Akiendelea hivi, Desemba nampeleka kwa mama, akae huko. Huku imemshinda." Nilijua maana yake. Huko kwao shule ilikuwa mbali, nyanya ni mzee, na mtoto angekaa nyumbani kuchunga mbuzi mpaka siku hizo za kuanza kusoma zimpite. Nikasema pale pale, nikitazama vile vidole, "Nitalitafuta. Nitalipata."

Asubuhi iliyofuata nikaazima ngazi kwa fundi aliyekuwa akijenga ng'ambo ya barabara. Nilivaa suruali ya mume wangu, nikafunga leso juu yake. Mwalimu wa kike, suruali, juu ya paa, Nyeri, miaka hiyo! Darasa la pili hadi la saba walikuwa madirishani. Mwalimu mkuu akapita chini, akainua macho, akauliza kwa upole, "Mwalimu, hayo mabati yana shida?" Nikamjibu yana shida kubwa. Akaenda zake. Mungu ambariki, hakuniuliza tena mpaka alipostaafu.

Nilipata mpira wa karatasi, kifuniko cha soda, manyoya ya njiwa, na kipande cha rula, ile niliyowahi kumchapa mtoto kwa kuipoteza. Jino sikulipata. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo, gata ya kupitishia maji ya paa ilikuwa safi. Nilikaa huko juu na baridi ikinipenya, nikalia kidogo, kisha nikashuka kwa sababu kengele ilikuwa imelia.

Basi nikawauliza watoto: meno yenu mnayapeleka wapi? Lo! Sijawahi kupata somo lililochangamka namna hiyo. Mmoja akasema kwao ni kwenye tundu la panya. Mwingine, mama huyazika kwenye jivu. Mwingine hulimeza, na akatuonyesha jinsi. Wawili wa kijiji kimoja hawakukubaliana, karibu wapigane. Yule binti wa Majengo akasimama, akasema kwao hurushwa kuelekea jua asubuhi, na unaliomba jua likupe zuri zaidi. Kisha akafungua mdomo na kulitikisa jino lake la mbele kwa ulimi. Lilikuwa linaning'inia kama kwa uzi.

Nililitazama jino hilo. Nasema ukweli: nililitazama kama paka anavyotazama nyama.

Likatoka kesho yake, wakati wa chai. Alilifunga kwenye karatasi apeleke nyumbani. Nikamwambia, "Lete nikutunzie, utalipoteza ukicheza." Akanipa bila wasiwasi, mimi si mwalimu wake? Saa ya kwenda nyumbani alipoliomba, nikamwambia nilikuwa nimemrushia tayari, jua lilikuwa zuri, nimeliombea vizuri. "Nilitaka kurusha mwenyewe," akasema. Kisha akachukua mkoba wake akaenda.

Jioni hiyo nikaenda nyumba za polisi. Nikasimama mbele ya pazia, nikasema, "Nimelipata, kwenye gata." Pazia likafunguka. Akalichukua, akaliweka kwenye pamba, akahesabu kwa kidole moja, mbili, tatu, nne, akafunika mkebe. Akaniangalia. "Ulipanda juu?" akaniuliza. Nikasema nilipanda. Hapo angalau sikudanganya.

Akarudi shule. Akarudi na maneno yote aliyokuwa ameyaweka akiba. Sentensi moja ikawa mbili, mbili zikawa hadithi nzima ya mbuzi wa nyanya aliyeingia kanisani. Mwezi wa kumi na moja alisimama mbele ya darasa akasoma ukurasa mzima bila kukwama, na binti wa Majengo ndiye aliyeanza kupiga makofi, pengo lake wazi. Kila akicheka nililiona pengo hilo. Nilikuwa nimempokonya mtoto huyu nikampa yule, tena kwa sura ya mwalimu mwema. Usiku nilijiambia ni jino tu. Mchana, nikiwa mbele yake, sikuweza kujiambia hivyo.

Desemba koplo na mwanawe wakasafiri kwao. Januari, wiki ya kwanza, nikaona kofia dirishani. "Mwalimu, nakuomba nje kidogo." Nikajua amekuja kuniaga, kwamba mtoto amebaki. Kumbe mtoto yuko hapo, anakimbizana na wenzake kwenye nyasi. Koplo akanipa kikaratasi kilichosokotwa.

"Mama amesema nikurudishie," akasema, hataki kunitazama usoni. "Huyu mtoto, akijifunza kutembea, alianguka kwa mlango ya mama, jino moja ikavunjika ncha. Mama ndiye alimfuta damu. Hiyo haiko mdomoni, haiko kwa zile tatu, na hii haijavunjika."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kama mtoto anajua.

"Hajui. Mama alirusha zile tatu. Ya nne akarusha punje ya mahindi. Ukiwa chini huwezi kujua." Akacheka kidogo, na mimi pia nikacheka na machozi. "Hajakasirika, mwalimu. Amesema mtoto amerudi kwake anaongea, na hiyo ni kazi yako, asante sana. Lakini amesema hii jino iko na wenyewe. Huyo mtoto mwingine pia ako na watu. Amesema usikae nayo."

Nyanya huyo sikumwona maishani mwangu. Hakujua kusoma. Alinijua kwa jino moja kuliko mkaguzi yeyote aliyewahi kuketi nyuma ya darasa langu.

Wakati wa chai nikamwita binti wa Majengo, sasa wa darasa la pili, nikampeleka nyuma ya vyoo ambapo hakuna watu. Jino lake jipya lilikuwa limeshatoka nusu, kubwa, lenye ncha za msumeno. Nikafungua karatasi nikamwonyesha.

"Ni lako," nikasema. "Sikulirusha. Nilikudanganya."

"Wewe, mwalimu?"

"Mimi."

Nilikuwa nimefundisha miaka sita na sijawahi kumwomba mtoto msamaha. Neno lilikataa kutoka, nikalisukuma. Nikasema, "Nisamehe." Akalichukua jino, akaligeuza, akalinusa.

"Mbona lanuka rangi ya viatu?"

"Nilimpa mtoto mwingine aliyekuwa akilia."

Akafikiri. Alifikiri muda mrefu, uso umekunjika, na mimi nimesimama mbele yake nikingoja, mtu mzima na chaki mkononi.

"Akanyamaza?" akauliza.

"Alinyamaza."

Akageuka kulielekea jua, akanong'ona maneno ya kwao ambayo sikuyasikia wala sikustahili kuyasikia, akarusha kwa nguvu zake zote, likapita juu ya ua. Kisha akapangusa mikono kwenye sketi yake.

"Haya, nimekusamehe," akaniambia. "Usirudie."

Nikamwambia sitarudia.