Mlima wa Pugu na Sikio la Kaka Yangu

Kaka yangu hakuwa na subira na watu, ila magari aliyasikiliza. Gereji yake ya Temeke haikuwa hata na kibao, lakini watu walitoka mpaka Kawe na magari ya turbo, ile feni inayopiga mluzi ikisukuma hewa kwenye injini, yaliyoshindikana kwingine, wakifuata sikio lake. Aliinua boneti, akaamuru kila mtu anyamaze, kisha akainamisha kichwa kama mtu anayehisi majirani wanamsengenya. Halafu akataja ugonjwa. Mimi ni mwalimu, nimezoea kubishiwa, lakini sikuwahi kumwona mtu akimbishia kaka yangu mbele ya injini.

Gari ninalolisema hapa lilikuwa lake mwenyewe. Alilinunua likiwa limegongwa, akalijenga upya taratibu hadi likawa ndilo tangazo la biashara yake: dogo, jeusi, bomba la moshi nene, likikanyagwa linakubandika kwenye kiti. Mimi niliyaona yale yote ni ujinga, gari lisilo hata na pa kuweka gunia la mkaa. Jumapili moja tulikuwa ndani yake tukienda kumsalimia mama kule Pugu, na katikati ya mlima likaishiwa nguvu ghafla. Injini ilinguruma, moshi mweusi ukafuka nyuma, gari likawa halivuti. Lori la mchanga likatupita. Kaka akatoa tusi ambalo siwezi kuliandika.

Chini ya boneti kulikuwa na kitu kinapuliza. Kila alipokanyaga mafuta kililia fyuuu, kama tairi linalotolewa upepo.

"Kaka, unaisikia hiyo?"

"Naisikia. Pampu ya mafuta hiyo, imechoka."

Mie ni nani nimfundishe kaka yangu gari? Tukafika kwa mama tunajikokota.

Alibadilisha pampu ya mafuta. Akabadilisha chujio, akabadilisha plagi zote. Akaazima mashine ya kupimia magari, nayo haikuonyesha hitilafu yoyote. Nilikuwa napita gereji nikitoka kazini, namkuta amekaa juu ya tairi, chakula chake kimepoa pembeni. Kwenye uwanja magari ya wateja yalikuwa yanapungua. Bwana mmoja aliyekuwa akimletea gari kwa miaka alikuja kulichukua kabla halijaguswa, eti ana safari ya ghafla. Kaka alimpa ufunguo. Nilimchukia yule bwana, na nilimchukia zaidi kwa upole wake. Fundi anayeshindwa na gari lake mwenyewe nani atamwachia lake?

Jumamosi nikamkuta ametoa kompresa, mashine yake ya kujazia upepo. Aliziba mdomo wa njia ya hewa ya injini, akapachika mpira wa upepo, akajaza. Mafundi wengine wakitafuta panapovuja hupaka povu la sabuni wakaangalia mapovu. Yeye hakuwahi kupaka. Alisema povu ni la watu wasiojua kusikiliza.

"Zimeni huo muziki wa singeli," akawapigia kelele vijana wa kuosha magari jirani. Wakazima. Akazima na kompresa. Pakawa kimya kabisa, na ndani ya kile kimya ile sauti ya mlimani ikatoka wazi, fyuuu, ndefu, haina hata haja ya kutafutwa. Nikafurahi kwa niaba yake. Nilisubiri anyooshe kidole.

Aliinama kushoto. Akainama kulia. Akanyanyuka.

"Hakuna kitu," akasema.

Simu yake ikaita juu ya sanduku la spana, pale pale karibu na kiwiko chake, ule mlio mkali wa kukera. Hakugeuka. Ikaita mpaka ikakata, na hapo ndipo nikaelewa. Maneno ya mtu aliyesimama mbele yake aliyasikia, na ngurumo aliisikia. Zilizompotea ni sauti nyembamba, na kazi yake yote ilikuwa kwenye sauti nyembamba.

Nilitamani kuondoka. Ningesema nina madaftari ya kusahihisha, naye angeendelea kubadilisha vifaa hadi amalize gari zima. Badala yake nikamshika mkono, nikaupeleka nyuma ya bomba la mpira linaloingiza hewa, pale linapopinda. Upepo ukampiga kiganjani. Lilikuwa limepasuka upande wa chini, pasipoonekana.

Hakuuondoa mkono.

"Inapiga kelele?"

"Ndiyo, kaka."

"Kubwa?"

"Kubwa. Hata wale pale wanaisikia."

Akawageukia wale vijana. Walikuwa wameinamia ndoo zao.

"Mmejua tangu lini nyie?"

"Siku nyingi, braza," mmoja akasema. "Tulikuwa tunaogopa kukwambia."

Nilidhani atafoka, maana kufoka ndiyo kawaida yake, na siku ile ningemshukuru. Alichukua bisibisi, akafungua klipu, akalitoa bomba lililopasuka, akalitazama sana. Kisha akaenda stoo kutafuta jingine. Alifunga polepole, akikagua kila kiungo kwa vidole. Alipomaliza akanipa ufunguo.

"Kalijaribu wewe."

Hakuna mtu mwingine aliyewahi kujaribu gari lililotoka mikononi mwake. Nililitoa hadi barabara kubwa, nikakanyaga, likaondoka kwa nguvu iliyonitisha. Lilikuwa limepona kabisa, na nililia njia nzima ya kurudi, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, nikajifuta uso kabla ya kukata kona.

Alikuwa amesimama getini.

"Limevuta?"

"Limevuta sana."

"Turbo inaliaje?"

"Vizuri."

"Sijakuuliza kama vizuri. Nimekuuliza inaliaje."

Nikakunja midomo nikapiga mluzi, nikauanza chini, nikaupandisha, mwalimu mzima katikati ya gereji, na vijana wa ndoo wananitazama. Kaka yangu alisogea karibu, macho yake yameganda kwenye midomo yangu.

"Piga tena," akasema. "Bado sauti haijaanza."