Udongo wa Kichuguu kwenye Mizabibu ya Baba

Hata leo, nikinusa siki, mikono yangu hutaka kujificha. Ukurasa huu nimeuandika na kuufuta mara tisa. Sasa nauacha na makosa yake, maana ninyi ndio watu wa kwanza ninaowaambia.

Baba alikuwa fundi wa mitambo ya shaba, na tulikaa mtaa wa Panda, mjini Likasi. Mishahara ilipokoma, aligeukia mizabibu yake: safu mbili kwenye mteremko nyuma ya nyumba. Safu ya chini, kwenye udongo mweusi karibu na kijito, ilizaa sana, lakini divai yake ilikuwa maji matupu. Ya juu ilisimama kwenye mawe. Mashina yake yalikuwa membamba, vichala vichache, na divai yake nzito, yenye harufu ya jiwe lililonyeshewa. Divai ya ng'ambo ilikuwa haifiki tena, kwa hiyo padri alichukua ile ya juu kwa misa. Kikombe kilipoinuliwa, baba alinyoosha mgongo. Hiyo ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo.

Jirani yetu, mama Ngalula, alimtania: "Weye, unapika pombe ya Mungu tu! Ya bantu, ya sisi watu, utapika lini?"

"Bantu bakunywe maji," baba alimjibu, na wote wawili wakacheka.

Nilipokuwa na miaka tisa alinieleza, akiwa amepiga magoti kwenye mawe ya safu ya juu: "Mama," ndivyo alivyoniita, kwa kuwa nina jina la mama yake, "huku yulu mawe inakamata joto, maji inakimbia. Muzabibu inateseka kidogo, ndiyo divai inakuwa na nguvu."

Katika maneno yote hayo nilibaki na moja: inateseka. Nilikuwa mtoto wa kupanga viatu vya nyumba nzima mara tatu. Sikuweza kuvumilia safu moja inone na nyingine ikonde. Kwetu, lengalenga, ule mchicha wetu, ikidumaa bustanini, huwekewa udongo wa kichuguu. Basi kiangazi kizima, baba akienda mtaa wa Kikula kutafuta kibarua, nilibeba udongo huo kwa beseni, nikauzika kwenye mizizi, nikamwagilia, kisha nikarudisha kila jiwe mahali pake. Ilikuwa iwe zawadi.

Majani yakafurika. Zabibu zikavimba, ngozi ikawa nyembamba, mvua za kwanza zikazipasua. Divai ikageuka siki.

Padri alionja, akaweka kikombe chini taratibu. "Papa Kalenga, hii hapana. Nitatafuta kwingine."

"Kilima inachoka, mon père," baba alimjibu padri.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Sentensi moja ingetosha. Niliipanga kichwani siku mbili ili itoke bila kosa, na kabla haijawa tayari baba alishika jembe akang'oa safu yote ya juu. Baadaye sana, nikijifunza mwenyewe kwa vitabu vya kuokoteza, nilijua kwamba mizabibu ile haikuwa na njaa. Mawe yale ndiyo yaliyoilea.

Mahali pake alipanda muhogo. Ulinona kuliko wa jirani yeyote. Siku ya kwanza tulipokula bukari, ugali wa unga wake, baba alishika tonge bila kulipeleka mdomoni.

"Mama, mawe hii ilinona lini?"

Aliuliza kwa upole, bila kuniangalia. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba alikuwa ananifungulia mlango.

"Minye sijue, papa," nilisema, nikamsogezea mboga.