Alama ya Wadi Isiyokuwepo

Katika chumba cha kufulia cha hospitali hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Sindano, kwa sababu kwa miaka kumi na saba alikaa kwenye kigoda karibu na dirisha akishona alama kwenye pembe za mashuka. Mstari mmoja wa uzi mwekundu, hilo ni la wadi ya wazazi. Miwili, wadi ya watoto. Msalaba, chumba cha upasuaji. Shuka lisilo na alama lilipotea kama mbuzi asiye na mwenyewe. Hakuwa mtu wa maneno. Mama Pasi, aliyenyoosha mashuka kwenye meza ya pili, alikuwa akisema ukitaka kusikia sauti ya Sindano, mguse kwa pasi.

Ugonjwa ulipoingia na shule zikafungwa, mke wake, ambaye ni muuguzi, alihamia kwenye nyumba za wauguzi ndani ya uzio wa hospitali, asije akaleta maradhi nyumbani. Sindano, ambaye alishika mashuka yaliyokwisha kuchemshwa tu, alibaki na binti yao wa miaka sita, ambaye kwa udogo wake na kutotulia kwake walimwita Sisimizi. Watu walimpa pole. Alizipokea, lakini moyoni, Mungu amsamehe, alikuwa akifurahi. Miaka sita yote mtoto alikuwa wa mama yake. Akijikwaa, mama. Akiota vibaya, mama. Baba alikuwa mtu wa kuitwa kufungua chupa iliyokaza. Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

Furaha hiyo haikumaliza wiki.

Kazi yake haikuweza kusimamishwa, maana wagonjwa walizidi na mashuka yalizidi. Kwa ajili ya watu kama yeye, shule moja ya msingi ilifungua madarasa mawili: watoto wa wauguzi, wa madereva wa magari ya wagonjwa, wa mafundi wa maji na wa madobi walikaa humo kutwa, madawati yamesukumwa ukutani na mikeka imetandikwa chini. Mwalimu msimamizi alishika orodha. Mlezi wa darasa la wadogo alikuwa mpiga kengele wa shule, kwa kuwa kengele yenyewe haikuwa na wa kumwita. Mtu mfupi, pengo mbele, mdomo haujui likizo. Watoto walimwita Mjomba Kengele.

Siku ya kwanza Sisimizi alimng'ang'ania baba yake mguuni mpaka suruali ikataka kushuka. Sindano alikwenda kazini machozi yakiwa karibu, huku rohoni akijisikia mtu: naye ana wa kumlilia. Siku ya tano mtoto aliuachia mkono wake getini, akakimbia, wala hakugeuka nyuma.

"Shemeji!" Mjomba Kengele alimpigia kelele kutoka barazani. "Ukichelewa leo namchukua moja kwa moja!"

Sindano alitabasamu kwa shida. Hakukumbuka kuoa dada wa mtu huyu.

Nyumbani ndiko alikochomwa zaidi. Jioni moja alimenya chungwa.

"Baba, halimenywi hivyo."

"Linamenywaje?"

"Ganda linatoka lote, refu, halikatiki. Mjomba Kengele analivaa kama mkufu."

Sindano, ambaye mikono yake ilijulikana hospitali nzima, alichukua chungwa la pili. Ganda likakatika. La tatu likakatika mara mbili.

"Basi tu, baba," Sisimizi alimfariji. "Na wewe utajua."

Ikawa hivyo kila siku. Mjomba Kengele anapiga mluzi kwa vidole viwili. Mjomba Kengele anajua kulala amekaa. Mjomba Kengele kasema ukitafuna mkate upande mmoja shavu linaota kibyongo. Sindano alijikuta kazini akijaribu kupiga mluzi nyuma ya mashine ya kukamulia, mate yakimtoka.

Mke wake alipopiga simu alimweleza kidogo.

"Mume wangu, una wivu na mpiga kengele?"

"Nani kasema wivu?"

"Nimekuuliza habari za mtoto. Umenieleza pengo la mtu dakika kumi."

Alhamisi mvua ilinyesha asubuhi. Sindano akamvua Sisimizi sweta lililolowa, akamfunika koti lake, akakimbia kazini na shati. Jioni alirudishiwa koti, limekunjwa vizuri. Hilo nalo lilimkera. Nani alimtuma alikunje?

Jumamosi, akifua sweta la mtoto, vidole vyake vilikuta kitu ndani ya kola. Akaligeuza. Kulikuwa na alama. Mistari mitatu ya uzi wa kijani, na wa tatu una mkia.

Damu ilimpanda. Alama ni kazi yake yeye. Anayetia alama pembeni mwa kitu anasema kitu hiki kina kwao, na kwao ni hapa.

"Sisimizi, hii nini?"

Mtoto alitazama, akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Siri."

"Siri ya nani?"

"Yangu na Mjomba Kengele."

Wivu ni kidonda, wanasema, ukishiriki utakonda. Sindano alishiriki. Jumapili asubuhi, Sisimizi akiwa anaoga, alichukua wembe wake wa kazi, akaifumua alama uzi kwa uzi, akautupa uzi jikoni kwenye moto. Kwa hasira hiyo hakuutazama hata mshono wenyewe, yeye ambaye kwa mshono humjua mshonaji.

Jumatatu alikwenda moja kwa moja kwa mwalimu msimamizi.

"Namtoa mtoto."

"Kuna tatizo?"

"Hakuna."

"Atakaa na nani?"

"Jirani." Jirani mwenyewe alikuwa bado hajaambiwa.

Mwalimu alifungua orodha. "Mzee, wako kumi na wanne wanaisubiri nafasi yake. Ikitoka hairudi. Fikiri mpaka jioni. Ukija kumchukua, fomu itakuwa hapa, utatia saini."

Alifika kazini, akatundika koti kwenye msumari, akakaa kwenye kigoda. Alishona wadi ya wazazi mahali pa upasuaji mara mbili. Kabla ya adhuhuri koti lilianguka, na Mama Pasi aliyekuwa akipita akaliokota. Akacheka mpaka akaweka pasi chini.

"Sindano! Nani kakupangia wadi? Mistari mitatu na mkia? Hospitali hii wadi hiyo haipo, baba!"

Akalipokea. Ndani ya kola, uzi wa kijani. Safari hii aliutazama mshono. Fundo lilikuwa nje badala ya ndani. Kitambaa kilikuwa kimevutwa mpaka kikakunjamana kama kisigino cha bibi. Mistari ilipanda na kushuka. Hakuna mtu mzima anayeshona hivyo, hata akiwa amelewa. Karibu na mkia palikuwa na doa dogo, rangi ya kutu. Sindano aliyajua madoa ya damu kuliko alivyoujua uso wake.

Akakumbuka. Miezi mingi nyuma Sisimizi alimwuliza kwa nini anashona mashuka ambayo hayakuchanika. Naye alijibu, bila hata kuinua kichwa: ili likipotea lijue kwao.

"Umepauka," alisema Mama Pasi. "Nilikuwa nakutania tu."

"Najua, dada. Najua."

Saa kumi alikuwa mlangoni mwa darasa. Sisimizi alikaa kwenye mkeka, uso ukutani, sweta limegeuzwa mapajani. Mjomba Kengele alikuwa kimya, jambo ambalo lilimtisha zaidi.

"Shemeji, leo tuna msiba," alisema polepole. "Alama imefumuliwa. Siku nne kashona, kola mbili, kajichoma nisikwambie. Mimi kazi yangu ilikuwa kutia uzi tu kwenye tundu. Sasa kamshika mtoto wa dereva, kasema ndiye, wamekwaruzana."

Pembeni, mtoto wa dereva alikuwa na alama ya kucha shavuni, anavuta kamasi.

Sindano angeweza kunyamaza. Kunyamaza ndiko alikokujua tangu utoto. Akachuchumaa.

"Si yeye. Ni mimi."

Sisimizi akageuka. "Wewe, baba?"

"Nilidhani kaishona Mjomba. Nikaona... kama amekuandika wake."

Mtoto alimtazama kama mtu anayetazama chungwa lililomenywa vibaya. Mjomba Kengele alikuna kichwa.

"Mimi ninao wanne nyumbani, shemeji. Wako na bibi yao. Juzi wameniambia sijui kuwafunika shuka, bibi ndiye anajua." Akacheka, lakini kicheko kilikatika njiani.

Sindano alitoa sindano yake kwenye ukosi wa shati, mahali inapokaa siku zote. "Nitairudisha sasa hivi."

"Usishone wewe," alisema Sisimizi. "Ukishona wewe itanyooka."

"Na mkia?"

"Mkia ni kwa sababu sindano iliniponyoka. Mistari ni sisi watatu." Akamwomba mtoto wa dereva msamaha kwa sauti ndogo, akarudi, akanyoosha mkono. "Wewe tia uzi tu."

Mjomba Kengele alileta uzi wa kijani. Sindano aliusogeza kwenye tundu, kazi aliyoifanya mara elfu bila kutazama, na vidole vikakataa.

"Mjomba Kengele hulamba kwanza," alisema Sisimizi.

Akaulamba.

Walipotoka, mwalimu msimamizi alinyanyua fomu. "Saini, mzee?"

"Mpe karatasi mwingine, mwalimu. Kesho saa moja tuko hapa."

Mstari mmoja tu ulikuwa umekamilika kwenye kola, umepinda. Getini Sisimizi alimshika baba yake mkono, kisha akageuka kumpungia Mjomba Kengele. Alipunga mara mbili. Sindano aliziona zote mbili.