Fotei za Amerikani

Mpaka leo, wakifungua robota jipya la amerikani sokoni, mimi napitia upande wa pili. Ile harufu ya wanga, na lile vumbi jeupe linaloingia puani, havinipeleki harusini wala kanisani. Vinanirudisha uani kwetu Kasongo, wakati wa Wabelgiji, nimepiga magoti nimeshika pindo la kitambaa, na mama ananikaripia kwa macho kwa sababu mdomoni amebana sindano.

Tulikuwa tunashonea viti nguo. Msicheke, ngojeni kwanza.

Baba yangu alikuwa karani wa pamba, na alikuwa ameomba karte, cheti cha mweusi aliyestaarabika. Sisi watoto wa makarani tulijua habari za karte kabla hatujajua kusali rozari: mweusi mwenye karte hapigwi fimbo. Akikosa atafungwa, mshahara utakatwa, lakini hakuna atakayemlaza chini mbele ya watu. Ili uipate, komisyo ya wazungu ilikuja mpaka nyumbani kwako kutazama kama umestaarabika. Walitazama kama unalala kitandani, kama unakula mezani kwa uma, kama mke wako anajua kukaribisha wageni. Walifunua hata masufuria.

Uma tulikuwa nazo. Tatizo lilikuwa fotei zetu nne, vile viti vya kuegemea. Fundi aliyezitengeneza alizoea milango na majeneza, na nadhani viti alikuwa anavisikia tu kwa watu. Alizipigilia kutoka masanduku ya sabuni, zikatoka nene, zimenuna, na moja ilikuwa na maandishi meusi mgongoni: HAUT, yaani juu, pamoja na mshale. Ule mshale ulitazama chini. Sisi miaka yote tuliegemea neno lile bila shida yoyote, lakini wazungu walijua kusoma.

"Mama Veronika," baba alisema, "vile viti uvivalishe." Veronika ni mimi. Alikuwa ameona kwenye baraza la Bwana Mkubwa wa teritwari, mzungu aliyetawala wilaya yetu, fotei zilizovikwa vitambaa vyeupe. Mama alitaka kitambaa cha maua, baba akakataa kabisa. Nyeupe, akasema, ndiyo ya wastaarabu. Akapanda kamyo, lori la pamba, kwenda Kabambare kwenye masoko ya wakulima, akiahidi kurudi asubuhi ya siku ya komisyo.

Sasa amerikani ilichelewa kufika dukani. Mama aliipata jioni ya kuamkia siku ya komisyo, akashona fotei mbili kwa mwanga wa koroboi, na kulipokucha zilibaki mbili. Ndani kulikuwa na giza, kwa hiyo tulizitoa uani. Mashine hatukuwa nayo. Mama alitandaza kitambaa juu ya kiti kizima, akakibana kwa miiba ya mdimu, akakata papo hapo kwa kufuata mbavu za kiti, kisha akapiga bandi kwa mishono mirefu mirefu ili ashike umbo kwanza, mshono wa kweli uje baadaye. Jua likapanda, na baba hakuonekana.

Mtu wa Kasongo ameshaelewa. Kwetu, mtu akifariki, viti hutolewa uani ili wanaume wakae, wanawake hukaa chini kwenye mikeka, na amerikani nyeupe hukatwa na kushonwa sanda, haraka, kwa mishono mirefu ambayo hakuna atakayeikagua. Na baba yuko safarini. Na mama hajalala, macho mekundu.

Mama Zaina, jirani yetu, mwanamke mwenye moyo mwema na sauti ya kuita kamyo isimame, alichungulia juu ya ua. Msibani hakuna anayeuliza maswali. Alirudi kwake, akavua kilemba, akajifunga kanga kiunoni, akatokea mlangoni kwetu mikono kichwani.

"Yoo! Mama Veronika! Amekwenda! Baba ya watu ametuacha!"

Mama alisimama. Mkasi ukamtoka mkononi. Jamani, fikirini wenyewe: mumeo yuko njiani, amechelewa, na jirani anaingia na kilio cha namna ile. Mama alifikiri habari imetoka Kabambare.

"Wapi? Amekufia wapi? Ni ile kamyo?"

"Lia, mama, lia tu. Usiulize."

Akalia. Alianguka chini pale pale, akajimwagia udongo kichwani, na Mama Zaina alipoona mjane analia hivyo hakubaki na shaka hata kidogo. Wanawake wengine wakaja, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye aliyepata habari. Mimi nilikuwa pale tangu alfajiri. Nilijua hakuna mtu aliyekuja na neno lolote. Nikamvuta Mama Zaina kanga, nikamwambia, "Mama, hizi ni nguo za viti," naye akanikumbatia akasema, "Maskini mutoto, uchungu umemupanda kichwani." Basi na mimi nikalia. Ningefanya nini? Nililia mpaka nikaamini kweli baba amekufa.

Hapo ndipo gari la komisyo liliposimama. Walishuka Bwana Mkubwa, padri, na madamu mmoja mwenye kofia. Na nyuma, kutoka palipowekwa mizigo, akaruka baba. Kamyo ya pamba ilikuwa imekwama mchangani, wakamkuta njiani anatembea kwa miguu, wakambeba. Alikuwa mwekundu kwa vumbi toka nywele mpaka viatu.

Kilio kilikatika. Mwanamke mmoja alipanda ua akakimbia. Mama Zaina akasema "Astaghfirullah," akakaa kimya, na sikuwahi kumsikia kimya tena maishani mwake. Mama alijiinua kwa magoti, udongo unamtiririka usoni, akanyoosha mikono yote miwili.

"Baba Veronika! Eh, uko hai! Uko hai!"

Baba alimtazama. Nilimwona anamtazama. Kisha akageuka, akajipangusa shati, akampita mama pale chini, akawafungulia wageni mlango wa saloni, yaani sebule yetu, na kusema kwa Kifaransa maneno aliyoyafanyia mazoezi mbele ya kioo.

Bwana Mkubwa na madamu waliketi kwenye zile fotei mbili zilizokwisha, nyeupe pee, na padri akavuta kiti cha mezani. Nilimwomba Mungu mama awe ametoa miiba yote, na alikuwa ameitoa. Nikaleta maji ya kunawa, nikasema bonjour madame, makamasi yananitoka. Madamu aligusa pindo la kitambaa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha Bwana Mkubwa akauliza mke yuko wapi. Mama alitakiwa aketi nasi, ale kwa uma. Tulimsikia nje anacheka na kulia kwa pamoja, na wanawake wanamtuliza.

"Amefiwa na ndugu yake," baba akasema.

Walipotoka walipita uani. Ile fotei ya mshale ilikuwa imelala, amerikani imeikaa nusu. Bwana Mkubwa aliinamisha kichwa, akasoma, akamwonyesha padri. Wakacheka kidogo, kwa adabu.

Karte haikutoka. Baba aliitwa ofisini akaambiwa saloni ni nzuri sana, hongera, ila mwanamke bado yuko nyuma, anagaagaa chini. Ajaribu tena baadaye. Hakujaribu tena. Mama alizifumua zile nguo za viti akatushonea magauni ya ndani, tukavaa fotei mpaka zikachanika.

Ila mimi nilimchukia baba. Nasema hivyo hivyo. Miaka na miaka nilikuwa nikimtazama anakula, namwona tu anavyompita mama, na mikono ya mama inabaki hewani. Nilimheshimu kama mzazi, nilimpikia, nilimzika, lakini kile kitu hakikutoka moyoni. Baada ya mazishi yake, mama akiwa mzee tayari, nikashindwa kunyamaza. Nikamuuliza aliwezaje kulala nyumba moja na mtu aliyemwacha mavumbini siku ile.

Mama alinitazama kama mtoto aliyeuliza jambo la aibu.

"Wewe hukuona mugongo wake," akasema. "Ulikuwa ungali unanyonya. Kule soko ya Wamaza mizani ilikosa hesabu, wazungu wakamulalisha na kumupiga fimbo mbele ya wakulima, wale wale alikuwa anapimia pamba. Walimurudisha hapa amelalia tumbo. Mimi ndiye nilimuosha."

Nikasema hata hivyo, angemshika mkono tu, angemwinua.

"Mikono yake ilikuwa inatetemeka, Vero. Wewe ulikuwa mufupi, macho yako yalikuwa sawa na mikono yake, ulipaswa kuiona. Mimi pale chini nilijilalisha mwenyewe, hakuna aliyenilalisha, na nikasimama nilipotaka."