Redirect ya 301 ilivyofunga duka la vifaranga Kitale

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, Jumatano, simu yangu ililia nikiwa napiga mswaki.

Wakuu, salamu kutoka Kitale. Haya nimeyatoa kwenye log za server na daftari langu, kwa hivyo chumvi sijaongeza.

Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nilikuwa storekeeper, nikajifunza programming mwenyewe nikiwa na arobaini na tano, kwa kusoma documentation ukurasa baada ya ukurasa. Mteja wangu mmoja ni Mama Chebet, anayetotolesha vifaranga hapa mjini. Nilimtengenezea mfumo mdogo wa web: unafungua ukurasa wa /agiza, unaandika idadi, unaletewa vifaranga wa siku moja.

Ndiye aliyepiga.

"Fundi, vifaranga elfu moja mia moja na hamsini wanalia humu ndani, na order ni mia mbili arobaini tu. Umenifanyia nini?"

Kwa msiofuga: kifaranga akishatoka kwenye yai huishi siku mbili, tatu hivi kwa kiini kilichobaki tumboni. Kufikia hapo awe amefika kwa mfugaji, la sivyo anaanza kufa.

Nikafungua /agiza kwa simu, kisha kwa laptop. Kote sawa.

"Mama, hapa kwangu inafungua vizuri."

"Basi wanunue wewe wote."

Nikaingia kwenye log, orodha ya walioingia. Tangu Jumanne ya wiki iliyopita, vikundi vya wafugaji wa Bungoma, wateja wetu wakubwa, havikuwa vimefikia /agiza hata mara moja. Nikampigia Mwalimu Wafula, katibu wa kikundi cha wafugaji kule Mabanga.

"Mwalimu, mbona wiki hii hamkuagiza?"

"Si mmefunga? Hata saa hii naangalia, imeandika mmefunga."

"Hatujafunga. Mbona hukupiga simu?"

"Aa, bana. Mtu amefunga biashara ya kuku, utamuuliza aje? Tulisema labda ni kideri. Tukaona tumwachie mama wa watu heshima yake."

Kideri ni ugonjwa unaomaliza banda zima. Kwetu huku humuulizi mtu kama ugonjwa huo umeingia kwake. Unanyamaza, unangoja atangaze mwenyewe. Kumbe Bungoma nzima ilikuwa inatuombolezea kimya kimya.

Hapo nikajua kosa ni langu.

Jumatatu ya wiki iliyotangulia tulisimamisha order siku moja ili kubadilisha bei. Niliweka redirect: anayefungua /agiza apelekwe /tumefunga. Jioni nikaitoa. Lakini niliandika 301 badala ya 302.

302 inaiambia browser, "Kwa sasa pitia kule." 301 inaiambia, "Tulihama, usirudi hapa tena." Browser ya simu ikishasikia hivyo inaweka akilini. Kesho yake haiji hata kuuliza server, inakwenda /tumefunga moja kwa moja. Mimi siku ile sikuifungua /agiza, ndiyo maana kwangu hakukuwa na shida.

Waliopita siku ile walikuwa tisa. Niliwaona kwenye log nikasema tisa si kitu. Nilisahau kwamba vikundi huagiza Jumatatu, na kikundi kizima huagiza kwa simu moja, ya katibu. Simu tisa zilikuwa vikundi tisa.

Saa tatu nilijaribu dawa ya kwanza: nikaifanya /tumefunga irudishe watu /agiza. Mwalimu akapiga.

"Sasa inazunguka tu kama ng'ombe wa kukamua miwa. Halafu imeandika redirects ni nyingi mno."

Ni kweli. Server inamtuma /agiza, simu yake inamrudisha /tumefunga.

Saa nne na nusu nikapata dawa yenyewe. Nilihamisha fomu kwenye anwani mpya kabisa, /oda, ambayo hakuna simu iliyokuwa na kumbukumbu nayo. Kisha /tumefunga ikawapeleka /oda, kwa 302. Nilisoma herufi na tarakimu zote mara tatu kabla ya kuiweka.

Halafu nikawapigia makatibu wote tisa, mmoja mmoja, kuwaambia kuku ni wazima. Mama mmoja wa Kibabii alisema, "Asante Mungu. Tulikuwa tumeshaanza kuchanga pole."

Hadi Alhamisi saa sita mchana vikundi vilikuwa vimechukua vifaranga mia sita na hamsini. Waliobaki, mia mbili na sitini, tuliwauza mtaani Tuwan nyumba kwa nyumba, kila mmoja shilingi sitini badala ya mia na kumi. Hakufa hata mmoja.

Nilichojifunza: tumia 302 mpaka uwe na hakika hutarudi. Na ukiona watu tisa kwenye log, uliza nyuma yao kuna wangapi. Kama kuna mkuu anayejua njia fupi zaidi ya kuifuta 301 kwenye simu ya mteja aliye mbali, aandike hapa chini, nitaijaribu na kuleta majibu.

Tofauti ya bei nilimwambia Mama Chebet aikate kwenye malipo yangu. Hakubisha.

Shilingi elfu kumi na tatu.