Cherehani ya Wanawake Saba wa Songo

"Mashine yetu haitashona shati la askari, awe wa serikali ao wa waasi," Ernestine alitangaza mbele ya kanisa zima la Songo, mtaa wa Uvira. Padri akajifanya anatafuta ukurasa.

Ernestine hakuwa mjinga. Ukimshonea mmoja, mwingine anakuchomea nyumba.

Cherehani ilikuwa ya kikundi cha wanawake saba waliofundisha wasichana wa mtaa kushona. Tangu mwaka wa uhuru, mume wa mmoja wao alipotaka kuiuza anywe kasiksi, pombe ya ndizi, kila jioni waliifungua, kila mmoja akaenda kwake na kipande: huyu sindano, yule mkanda.

Mwaka 1964 waasi wakateka Uvira. Komanda akamletea Ernestine jora la kaki.

"Mama, mashati makumi mbili."

"Minye niko na kichwa cha mashine tu, komanda. Vingine viko na wenzangu, nao wamekimbilia Luberizi. Weye uko na mbio, wafuate."

"Nitakuchapa."

"Chapa. Mukono ukivunjika, utashona weye?"

Komanda akabeba kichwa kwa hasira. Askari wake walikihangaikia siku tatu, hakikushona hata kifungo, wakakipeleka sokoni. Wenzake Ernestine waliporudi na vipande vyao, walimkuta amekwisha kukinunua.

Alilipa kuku mmoja.