Picha ya Mjane Anayecheka

Namshukuru Mungu aliyenipa kinywa kimoja cha kulilia na cha kuchekea, wala hakukichukia kwa lolote kati ya hayo mawili. Sifa zote ni zake.

Wakati huo kitambaa cheusi kilikuwa bado kichwani mwangu. Mume wangu aliongoza kwaya ya kanisa letu hapa Butembo, lakini ukoo wake ni wa Beni. Kwao mjane hajifungui kitambaa mwenyewe. Dada wa marehemu ndiye humfungulia siku ya kuondoa matanga, na asipokufungulia, unabaki mgeni katika nyumba uliyozalia watoto.

Asubuhi moja sokoni nilikuwa nikipanga maharagwe yangu. Mwenzangu, anayeuza mafuta ya mawese kando yangu, akaanza kumwiga marehemu: akakohoa, akainua kidole, akaanzisha wimbo juu kabisa, mahali ambapo ndege tu hufika. Ndivyo alivyokuwa mume wangu! Kila Jumapili alianzia huko, na kwaya ikamfuata kwa mateso. Nilicheka hadi nikashikilia meza.

Kijana mmoja mwenye kamera alikuwa akipita. Mimi sikumwona; mwenzangu ndiye alimwona.

Siku chache baadaye wifi yangu alinipigia simu kutoka Mulekera, kule Beni. Picha yangu ilikuwa imezunguka katika simu za watu hadi ikamfikia.

“Kaka yangu iko mu udongo, weye unaonyesha meno soko muzima?”

“Wifi, haujue kitu nilikuwa nachekea.”

“Meno ndiyo naona. Kitambaa utajifungulia peke yako.” Akakata.

Niliomba subira kwa Bwana, kisha nikamngojea yule kijana, maana sokoni kwetu hakosi kurudi. Aliyemwona kwanza ni mwenzangu.

“Weye mwizi wa sura za batu, kuya hapa!”

Akaja ameinamisha kichwa. “Mama, unisamehe. Ile foto ilipita zote uzuri.”

“Mbona haukuuliza?”

“Nikiuliza mbele, mutu anakaza sura sawa vile ya carte d’électeur.”

Mwenzangu akacheka, nami nikacheka bila kupenda, kwa sababu ni kweli: kwenye kadi ya mpiga kura sote tumekaza sura.

Mwanasheria mmoja tunayesali naye alikuwa ameniambia kwamba uso wa mtu ni wake hata akiwa barabarani, na anayeutawanya bila ruhusa anaweza kuitwa mbele ya sheria. Nilimweleza kijana hayo. Nilimkumbusha pia kwamba pande zetu mtu aliyekimbia kijiji chake kwa sababu ya vita hapendi kila simu ijue amefikia wapi. Hapo akaifunika kamera yake. Nadhani hakuwahi kuwaza kwamba picha nzuri inaweza kumtafutia mtu hatari.

“Sasa nifanye nini, mama? Niache kazi?”

“Hapana. Kamata foto, lakini uende umuonyeshe mwenyewe kwanza, mbele ya kuonyesha muji. Akikatala, ufute. Na ya kwangu, unitolee moja ku karatasi, halafu uifute.”

Alifanya hivyo, na karatasi nikaenda nayo Beni siku ya kuondoa matanga.

Tulipomaliza kusali, watu walimtazama wifi yangu. Alikaa amekunja mikono. Nikaweka picha magotini pake.

“Nimeisha kuiona,” alisema.

“Haujaisikia.”

Nikakohoa, nikainua kidole, nikauanzisha wimbo huko juu kwenye ndege. Sauti ikanikatikia njiani, kama ilivyokuwa ikimkatikia marehemu. Midomo ya wifi ikaanza kutetemeka.

“Tangu utoto wake!” akasema. “Mama yetu alikuwa anamufukuza inje, aende kuimbia mbuzi!”

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha yakaendelea kutoka hata kicheko kilipokwisha. Huku bado anajifuta, akanyoosha mkono nyuma ya kichwa changu na kufungua fundo.

Picha ile sasa iko ukutani kwake Mulekera. Kabla ya kuitundika aliniuliza kama naruhusu, nami nikakubali.

Wewe unayesoma, Mungu akutazame kwa upole hata saa ambayo hujui kwamba unatazamwa, na akuzungushie watu watakaouliza ulichekea nini kabla ya kukuhukumu. Amina.